Kutumia Jarida la Kisayansi Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila muhula kutoka kwa wanafunzi, watafiti na wahudumu wa afya wanaosoma majarida kwenye kompyuta au simu. Vitufe vingi vya tovuti hizi vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tumeviacha kama utakavyoviona kwenye skrini, ndani ya alama za mtajo.

## Mambo ya mwanzo

1. Jarida la mtandaoni limepangwaje?

Ngazi ni nne: jarida, juzuu, toleo, makala. Juzuu moja kwa kawaida hubeba mwaka mmoja, na toleo ni sehemu ya juzuu: la kila mwezi, la robo mwaka au la nusu mwaka. Ndiyo maana rejeleo huandikwa mfano 14(2): 115–128, yaani juzuu ya 14, toleo la 2, ukurasa wa 115 hadi wa 128.

Ukijua mwaka wa juzuu ya kwanza unaweza kukadiria nyingine. Malaria Journal ilianza na juzuu ya 1 mwaka 2002, kwa hiyo juzuu ya 14 ni ya 2015. Hesabu hiyo haifai kwa jarida lililowahi kusimama miaka kadhaa, wala kwa jarida linalotoa juzuu zaidi ya moja kwa mwaka. The Lancet hutoa mbili, na mwaka 2015 peke yake una juzuu ya 385 na ya 386.

2. Maneno ya kwenye menyu ya juu yana maana gani?

Majarida mengi ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hutumia programu ya Open Journal Systems, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na mradi wa Public Knowledge Project wa Kanada. Ukishaijua menyu yake, umejua menyu za mamia ya majarida. "Current" ni toleo la sasa. "Archives" ni matoleo yote yaliyopita, jipya likiwa juu. "About" ina malengo ya jarida, majina ya wahariri, masharti kwa waandishi na mawasiliano. "Announcements" ni matangazo. "Submissions" ni mlango wa anayetaka kuleta makala. Msomaji hana haja nao.

Huhitaji kujisajili ili usome. Vitufe vya "Register" na "Login" katika tovuti hizi ni kwa waandishi, wahakiki na wahariri, isipokuwa kama jarida limefungwa kwa malipo (tazama swali la 18).

Kwenye simu menyu hiyo hujificha. Tafuta mistari mitatu midogo iliyolala mmoja juu ya mwingine, juu kulia au kushoto, uiguse.

3. Google imenileta moja kwa moja kwenye makala. Nitajuaje niko jarida gani na toleo gani?

Angalia juu ya kichwa cha makala. Kuna mstari mdogo wa viungo unaofuatana, mfano "Home / Archives / Vol. 14 No. 2 (2015) / Articles". Unasomwa kutoka kushoto, ngazi kubwa kwenda ndogo. Bofya pale penye "Vol." utaletewa orodha ya makala zote za toleo hilo.

Usiiruke hatua hii. Toleo moja mara nyingi hukusanya kazi zinazokaribiana, na pengine limebeba tahariri inayojadili hiyo hiyo makala uliyoifungua. Mstari huo usipokuwepo, habari za toleo huwa pembeni au chini ya kichwa, karibu na tarehe ya kuchapishwa.

4. Je, naweza kubadilisha lugha ya tovuti iwe Kiswahili?

Pale jarida lilipoweka kitufe cha lugha, kinabadilisha menyu na maelezo ya tovuti tu. Makala yenyewe hubaki katika lugha iliyoandikwa. Baadhi ya majarida huweka ikisiri (muhtasari wa makala) ya lugha ya pili. Ibofye, kwa sababu hiyo imeandikwa na mtu. Tafsiri ya mashine ya kivinjari inakufaa kupata mwelekeo wa jumla, lakini dozi, vipimo na majina ya vijidudu vihakiki kwenye maandishi ya asili.

## Kutafuta toleo na makala

5. Nina rejeleo tu kutoka kwenye kitabu. Nifikeje kwenye makala?

Fuata mpangilio huu, kwa sababu hatua ya kwanza ikifaulu zinazobaki huzihitaji.

Kwanza, kama rejeleo lina DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala (swali la 14), iandike mara baada ya https://doi.org/ kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari. Pili, kama halina, nakili kichwa kizima cha makala, kizungushie alama za mtajo, ukitafute. Tatu, kikikosekana, nenda tovuti ya jarida, fungua "Archives", chagua juzuu kwa mwaka wake, kisha toleo, kisha shuka kwenye orodha hadi namba za kurasa zilingane.

Hatua ya tatu ni ya polepole lakini ndiyo inayofichua makosa. Mwaka au juzuu katika rejeleo vinaweza kuwa na kosa lililonakiliwa kutoka kazi moja hadi nyingine. Ukikuta juzuu na mwaka havilingani, jaribu toleo lililotangulia na linalofuata kabla ya kukata tamaa.

6. Kwa nini makala nyingine hazina namba za kurasa?

Jarida lisilochapishwa kwenye karatasi halina haja ya kurasa zinazoendelea kutoka makala moja hadi nyingine, kwa hiyo hutumia namba ya makala. PLOS ONE, iliyoanza Desemba 2006, huandika herufi e ikifuatwa na tarakimu, mfano wa umbo lake ni e0123456. Malaria Journal huandika "Article number" na tarakimu zake, na haigawi juzuu katika matoleo.

Katika kunukuu, weka namba hiyo mahali pa kurasa. Kosa la kawaida ni kuandika 1–12 kwa sababu PDF ina kurasa 12. Hizo ni kurasa za faili, na kila makala ya jarida hilo inaanza na 1.

7. Makala naiona, lakini haimo ndani ya toleo lolote. Imepotea?

Haijapotea. Majarida mengi huweka makala mtandaoni mara tu inapokubaliwa, kabla ya kupangiwa toleo. Sehemu hiyo huitwa "Online first", "Early view", "Articles in press" au "Latest articles", na huwa kwenye menyu yake yenyewe, nje ya "Archives". Inukuu kwa DOI na mwaka. Toleo likishatoka, DOI hubaki ile ile ila juzuu na kurasa huongezwa, kwa hiyo irudie kabla hujakabidhi tasnifu yako.

Angalia pia kama ni nakala ya mwandishi ambayo haijapangwa kichapa. Hiyo huandikwa "Accepted manuscript", na matokeo au majedwali yanaweza kusahihishwa baadaye.

8. Rejeleo linasema "Suppl 1". Mbona kwenye orodha kuna toleo la 1 hadi la 4 tu?

Hilo ni toleo la nyongeza, mara nyingi la mkutano au mada maalumu. Tovuti nyingine huliweka mwisho wa juzuu, nyingine huliwekea ukurasa wake chini ya "Supplements", "Special issues" au "Collections". Ukiona herufi S kabla ya namba za kurasa, mfano S1–S9, ni toleo la namna hiyo hiyo.

9. Nikitafuta napata matokeo sifuri, au maelfu. Nakosea wapi?

Anza kwa kuangalia kisanduku chenyewe. Tovuti za wachapishaji wakubwa huwa na viwili: kimoja hutafuta ndani ya jarida ulilofungua, kingine hutafuta majarida yote ya mchapishaji. Kando yake kuna kimenyu cha kuchagua "This journal" au "All". Mtu anayepata maelfu mara nyingi ametafuta kote bila kujua.

Kisha lugha. Ukiandika "kipindupindu" kwenye jarida linalochapisha kwa Kiingereza hutapata kitu, hata kama wahariri wake wako Dar es Salaam, andika "cholera". Kwa jarida la isimu na fasihi kama Swahili Forum, linalochapisha kwa Kiswahili na Kiingereza, tafuta kwa lugha zote mbili, moja baada ya nyingine.

Alama za kutafutia zinazokubalika karibu kote ni hizi. Maneno mawili bila alama humaanisha yote mawili lazima yawepo. OR kati yake humaanisha lolote kati ya hayo. Iandike kwa herufi kubwa, kwa kuwa PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, haitambui "or" ndogo. Alama za mtajo hushikilia maneno yafuatane kama yalivyo. NOT huondoa neno. Nyota mwishoni mwa shina huleta miisho yote: malari* huleta malaria na malarial. Usikate shina fupi mno. Mal* italeta "male" na "malnutrition", na PubMed yenyewe inadai angalau herufi nne kabla ya nyota.

Nyota hiyo haisaidii sana katika Kiswahili, kwa sababu maneno yetu hubadilika mwanzoni. Huwezi kupata "vitenzi" kwa kutafuta kitenz*. Andika zote mbili: kitenzi OR vitenzi. Vivyo hivyo mtoto OR watoto, ugonjwa OR magonjwa.

Tahajia nayo hupoteza makala nyingi. Waingereza na Wamarekani hawaandiki sawa, kwa hiyo andika sulphadoxine OR sulfadoxine, anaemia OR anemia. Kwa makala za zamani kumbuka majina ya nchi na miji ya wakati huo: Tanganyika, Zaire kwa Kongo kati ya 1971 na 1997, Usumbura kwa Bujumbura, Stanleyville kwa Kisangani. Kuna utafiti mwingi mzuri wa ukanda wetu umelala chini ya majina haya na hausomwi.

Mwisho, kwenye simu: kibodi nyingine huweka alama za mtajo zilizopinda. Baadhi ya mitambo huzisoma kama herufi za kawaida na kushindwa. Shikilia kidole kwenye kitufe cha alama hiyo, uchague iliyonyooka.

10. Natafuta kwa jina la mwandishi, mbona zinakosekana kazi zake nyingine?

Hifadhidata nyingi huhesabu jina la mwisho kuwa la ukoo na kufupisha mengine. Mtu mwenye majina matatu aliyeandika mawili mwaka huu na matatu mwaka ujao atahifadhiwa kama watu wawili. Kwenye PubMed andika jina la mwisho, nafasi, kisha herufi za mwanzo za majina mengine, bila mkato wala nukta. Halafu rudia kwa herufi moja badala ya mbili, na kwa mpangilio wa majina uliogeuzwa.

Kama pembeni ya jina kuna kiduara cha kijani chenye "iD", hiyo ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ya mtafiti, iliyoanza kutolewa Oktoba 2012. Bofya kiduara, si jina. Jina huleta watu wote wanaofanana majina. Kiduara huleta mtu mmoja na kazi alizoziorodhesha mwenyewe.

## Ndani ya makala

11. Nisome kwenye ukurasa wa tovuti au nipakue PDF?

Kwa kusoma kwenye simu na kurukaruka kati ya sehemu, ukurasa wa tovuti ni bora: maandishi hujipanga kwa upana wa skrini na namba za marejeleo hubofyeka. Kwa kuhifadhi, kuchapa na kunukuu ukurasa kwa namba, chukua PDF. Makala yenye picha nyingi za hadubini inaweza kuwa nzito, basi fungua ikisiri kwanza ujue kama inakufaa kabla ya kutumia bando.

Kwenye ukurasa wa tovuti, orodha ya sehemu huwa kushoto au kulia: "Introduction", "Methods", "Results", "Discussion". Kwenye simu imekunjwa chini ya kitufe kama "Sections" au "Jump to". Ukibofya namba ya rejeleo, mfano [14], unapelekwa chini kwenye orodha. Kurudi ulipokuwa, bonyeza kitufe cha kurudi cha kivinjari au Alt na mshale wa kushoto. Neno moja ndani ya makala ndefu litafute kwa Ctrl na F. Kwenye Chrome ya simu gusa nukta tatu, kisha "Find in page".

Ctrl na F isipopata neno unaloliona kwa macho kwenye PDF, faili hilo ni picha zilizopigwa skani. Matoleo mengi ya miaka ya nyuma yako hivyo, na kisanduku cha kutafutia cha jarida hakioni yaliyomo. Hapo njia ya uhakika ni "Archives" na macho yako.

12. Nimefungua PDF, sasa sioni menyu wala njia ya kurudi kwenye jarida.

Soma anwani juu ya kivinjari. Katika Open Journal Systems huwa na umbo hili: .../index.php/jina/article/view/123/456. Namba ya kwanza ni makala, ya pili ni faili lake. Futa /456 ubonyeze Enter: unarudi kwenye ukurasa wa ikisiri. Futa hadi baada ya jina la jarida: uko ukurasa wa mwanzo. Badala yake ukiandika /issue/archive baada ya jina, unafika kwenye matoleo yote. Ukiandika /issue/current unafika kwenye toleo la sasa.

Ukiona "download" mahali pa "view", kiungo hicho kinapakua faili moja kwa moja. Usimtumie mwenzako kiungo cha namna hiyo bila kumwambia. Mtumie cha ikisiri aamue mwenyewe.

13. Hojaji na data ghafi ziko wapi? Makala inazitaja lakini PDF haina.

Ziko kwenye viambatisho, ambavyo ni mafaili ya peke yake. Tafuta "Supporting information", "Supplementary material" au "Additional files", kwa kawaida kati ya hitimisho na marejeleo, au kwenye kichupo chake juu ya ukurasa. PLOS huviita S1 Table, S2 File na kuendelea. Anayerithi PDF kutoka kwa rafiki hukosa sehemu hii yote, na mara nyingi ndiyo yenye hojaji iliyotafsiriwa kwa Kiswahili ambayo angeihitaji kwa kazi yake.

Soma pia aya ya "Data availability". Pengine data imewekwa kwenye hazina nyingine yenye DOI yake.

## DOI, viungo na kunukuu

14. DOI ni nini, na kwa nini kila mtu anaisisitiza?

Ni kitambulisho cha kudumu cha makala. Huanza na 10. ikifuatiwa na namba ya aliyeisajili, mkwaju, kisha sehemu ya makala yenyewe. Shirika la Crossref, lililoanzishwa mwaka 2000, ndilo linalosajili DOI nyingi za majarida. Tovuti ikihama, mchapishaji hubadilisha anwani kwenye rejista, na DOI iliyochapwa kwenye tasnifu ya miaka 15 iliyopita inaendelea kufungua mlango ule ule.

DOI nyingine husomeka. 10.1371/journal.pone. ni PLOS ONE, na tarakimu saba zinazofuata zinatokana na namba ya makala. 10.4314 ni African Journals OnLine (swali la 19), na ndani yake utaona mfano v12i3: juzuu ya 12, toleo la 3. Hata DOI ikigoma, umeshajua pa kutafuta kwenye "Archives".

15. Nimebandika DOI, naambiwa "DOI not found".

Karibu kila mara kosa liko kwenye kunakili. Nukta ya mwisho wa sentensi imebebwa pamoja na DOI, ifute. PDF imekata DOI mwishoni mwa mstari na kuongeza kistariungio au nafasi, iunganishe. Sifuri imesomwa kama herufi O, au tarakimu 1 kama herufi l, hasa kwenye nakala za skani. Mabano yaliyomo kwenye DOI za zamani yameachwa nje. Zile zenye (SICI) zina mabano na alama < na >, na lazima ziingie zote. Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi kitu, usihangaike nazo.

Ukihakikisha iko sawa na bado inagoma, huenda jarida limeichapa kabla ya kuisajili. Hutokea kwa matoleo mapya kabisa, na kwa majarida madogo inaweza kudumu. Mwandikie mhariri kwa anwani iliyo chini ya "About", ukimpa kichwa cha makala na DOI. Ni dakika mbili, na unawaokoa wasomaji wote watakaofuata.

16. Ni anwani gani nihifadhi: ya kivinjari au DOI?

DOI. Anwani ya kivinjari inaweza kuwa na neno "ezproxy" au jina la maktaba ya chuo chako katikati, na hiyo inafunguka kwa mwenye nywila ya chuo tu. Nyingine ina mkia mrefu unaoanza na alama ya kuuliza, unaohusu utafutaji wako wa siku ile. Msimamizi wako akibofya atakuta ukurasa wa kuingia na ataamini makala haipo.

17. Kitufe cha "Cite" kinaaminika?

Kinaokoa muda, lakini kisahihishe. Kinatoa nukuu iliyopangwa kwa mtindo wa APA, Vancouver au Harvard, au faili la RIS au BibTeX la kuingiza kwenye programu ya kutunza marejeleo kama Zotero. Makosa yake hutokana na yaliyoingizwa na jarida: kichwa chote kwa herufi kubwa, majina ya mwandishi yaliyogeuzwa, mwandishi wa tatu kuachwa, kurasa kukosekana. Majina ya Kiafrika ndiyo yanayogeuzwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo yalinganishe na PDF moja baada ya jingine. Kumwandika mtafiti kwa jina lisilo lake ni kumnyima kazi yake.

## Makala zilizofungwa kwa malipo

18. Ninaona ikisiri tu, kisha naombwa kulipa. Nifanye nini?

Usilipe kwanza. Angalia kama kuna alama ya kufuli lililo wazi la rangi ya chungwa au maneno "Open access" na "Free". Pengine umefungua ukurasa wa ikisiri na kitufe cha PDF kiko pembeni. Kisha itafute kwenye PubMed. Kama kuna "Free PMC article", nakala kamili imehifadhiwa kwenye PubMed Central, ambayo ilianza mwaka 2000 na haidai malipo. Kiongezi cha kivinjari kiitwacho Unpaywall nacho hutafuta nakala halali ya bure kwa kutumia DOI.

Kama uko chuoni, hospitalini au wizarani, muulize mkutubi kuhusu Research4Life. Ndani yake kuna Hinari ya afya iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Inayosajiliwa ni taasisi, si mtu, na nywila hukaa maktaba. Hapa ndipo wengi hukwama: wana nywila, wanafungua makala kupitia Google, na bado wanaombwa pesa. Tovuti ya mchapishaji haikutambui mpaka upite kwenye lango la Research4Life, uingie, utafute jarida kwenye orodha yake ndipo ubofye kutoka humo. Anwani uliyoihifadhi jana nayo haitafanya kazi bila kuingia upya.

Ikishindikana, mwandikie mwandishi aliyewekewa alama ya bahasha. Barua pepe ya mistari mitatu yenye kichwa cha makala inatosha.

19. African Journals OnLine inatofautianaje na tovuti ya jarida lenyewe?

Ni mkusanyiko, si jarida. Ulianza mwaka 1998 na makao yake yako Afrika Kusini. Unaweza kupitia majarida kwa alfabeti, kwa fani au kwa nchi, na njia ya nchi ndiyo nzuri zaidi kwa anayetaka kujua Tanzania, Kenya au Uganda zinachapisha nini katika fani yake. Kila jarida limewekewa alama ya kuonyesha kama liko huria au linauzwa. Jarida likiwa pia na tovuti yake, angalia pande zote mbili: matoleo ya zamani yanaweza kuwa upande mmoja na mapya upande mwingine.

## Mambo yanayojitokeza kwa nadra, lakini yanauma

20. Nitajuaje kama makala imesahihishwa au kufutwa?

Fungua ukurasa wake wa tovuti upya, hata kama una PDF. PDF uliyoipakua haijibadilishi. Kwenye ukurasa tafuta kitufe cha "Check for updates", kiitwacho Crossmark na kilichoanzishwa mwaka 2012. Kikibofywa hueleza kama kuna marekebisho au ufutaji. Majarida yasiyo nacho huweka kiungo cha "Correction", "Erratum" au "Retraction" juu ya kichwa, au huchapisha taarifa hiyo katika toleo jingine kabisa, ndiyo maana ni vizuri kutafuta kichwa cha makala pamoja na neno "retraction".

Makala iliyofutwa kwa kawaida haiondolewi mtandaoni. Ile ya Andrew Wakefield na wenzake katika The Lancet ya Februari 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilifutwa Februari 2010 na bado inafunguka, ikiwa na neno RETRACTED. Kwa miaka 12 ilikuwa inanukuliwa bila neno hilo, na nakala zilizopakuliwa wakati huo bado hazinalo.

21. "References" na "Cited by" zinanisaidiaje?

"References" inakurudisha nyuma, kwenye kazi ambazo mwandishi alizisoma. "Cited by" inakupeleka mbele, kwa waliomsoma yeye. Ukipata makala moja nzuri ya 2010, "Cited by" ndiyo njia ya haraka ya kufika kwenye za mwaka huu. Idadi hutofautiana kati ya Crossref, PubMed na Google Scholar kwa sababu kila mmoja huhesabu majarida yake. Zote zinaweza kuwa sahihi.

22. Kiungo kimekufa, ukurasa unasema 404.

Jaribu DOI kwanza. Isipokuwepo, futa mwisho wa anwani kipande kwa kipande kama ilivyoelezwa katika swali la 12, hadi ufike mahali panapofunguka. Vyuo hubadilisha anwani za tovuti au huhamia toleo jipya la programu, na namba za makala zikabadilika huku yaliyomo yapo. Tafuta kichwa kwa alama za mtajo. Mwisho, bandika anwani ya zamani kwenye web.archive.org, uchague tarehe kwenye kalenda. Ukurasa wa ikisiri mara nyingi hupatikana, PDF si mara zote.

23. Faili limepakuliwa lakini halifunguki.

Angalia ukubwa wake. Likiwa KB chache tu, ulichopakua ni ukurasa wa kuingia au wa kosa uliopewa jina la .pdf. Rudi kwenye ikisiri, ingia kama inahitajika, upakue tena. Likiwa kubwa lakini limekatika, mtandao ulikatika njiani. Lifute kabla ya kurudia, maana simu nyingine hukufungulia lile la zamani.

24. Nimeona tovuti mbili za jarida moja. Ipi ni ya kweli?

Simama hapo usitume makala wala pesa. Kuna watu wanaotengeneza tovuti ya kuiga jarida halisi, kwa jina na ISSN ile ile, ili wakusanye ada za waandishi. ISSN ni namba ya utambulisho wa jarida, tarakimu nane zenye kistari katikati, mfano 1932-6203 ya PLOS ONE, na ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Kuinakili ni rahisi, hivyo ISSN peke yake haithibitishi kitu. Itafute kwenye portal.issn.org na kwenye orodha ya DOAJ kama jarida ni huria, ukafungue anwani iliyoandikwa huko. Kisha nenda "Archives" za tovuti unayoitilia shaka, chukua DOI za makala tatu za miaka tofauti, uzifungue kupitia doi.org. Zikikupeleka kwenye tovuti nyingine, au zisipofunguka kabisa, funga ukurasa huo.